Vipele Vyenye Kitovu

Panya wa mianzi haonekani ovyo. Hukaa chini ya ardhi, hutafuna mizizi ya mianzi kwa meno ya mbele yenye rangi ya chungwa, na akikamatwa huuma. Mkulima wa nyanda za juu za Kenya au Rwanda akimwona atasema huyu ni fuko tu, tena fuko aliyenona. Hatakuwa amekosea sana, kwani wataalamu wa wanyama wamewaweka panya wa mianzi wa Asia na huyu fuko wetu anayefukuafukua mashamba ya viazi katika ukoo mmoja.

Mwaka 1956 panya wa mianzi kadhaa walikuwa wamefungiwa vizimbani mjini Dalat, kusini mwa Vietnam. Dalat ni mji wa baridi, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wenye misonobari na ukungu wa asubuhi. Daktari Alexandre Yersin, yule aliyegundua kijidudu cha tauni huko Hong Kong mwaka 1894, alikuwa amefika kwenye uwanda ule mwaka mmoja kabla ya hapo na kuusifu kwa wakubwa. Wafaransa wakaja kujenga mji wa kukimbilia joto la pwani, na humo wakaweka tawi la Taasisi ya Pasteur. Kufikia 1956 utawala wao katika Indochina ulikuwa umeshaanguka na askari wao wa mwisho wanafunga virago, lakini maabara ilikuwa bado inafanya kazi. Panya walifugwa kwa ajili ya uchunguzi wa homa zinazoenezwa na utitiri wa vichakani. Wakaanza kufa wenyewe, bila mtu kuwachoma chochote.

Mnyama wa majaribio akifa nje ya mpango, ni rahisi kumtupa na kuleta mwingine. Marc Capponi na wenzake hawakufanya hivyo. Waliwapasua, wakachukua vipande vya ini, wakavipandikiza kwenye chakula cha maabara, na kilichoota hakikuwa bakteria. Kilikuwa kuvu.

Tena kuvu yenye sura mbili. Ikiachwa kwenye joto la kawaida la chumba, inaota kama ukungu wa mkate, nyuzinyuzi zenye unga wa kijani, na chini yake hutoa rangi nyekundu ya damu inayopenya hadi kwenye chakula inachokalia. Ikihamishiwa kwenye joto la mwili, nyuzijoto 37, nyuzi hukatika, ukijani hupotea, na hubaki chembe mojamoja kama za hamira. Hata hivyo hamira huzaa kwa kuchipua, kitoto kikitoka ubavuni mwa mama. Kuvu hii hujigawa katikati kwa ukuta, kama mtu anayekata muhogo vipande viwili. Alama hiyo ndogo, ukuta katikati ya chembe, ndiyo baadaye iliyowawezesha madaktari kuitambua chini ya hadubini kabla hata haijaota.

Ukoo wake ulijulikana: Penicillium, ukoo ule ule uliotupatia penisilini na unaofanya machungwa yaliyokaa kuota unga wa kijani. Katika ukoo huo mpole, hakuna mwingine aliyejulikana kwa tabia hii ya kubadili umbo akiingia mwilini. Vielelezo vilisafirishwa hadi Paris, kwa Gabriel Segretain wa Taasisi ya Pasteur, ambaye mwaka 1959 aliielezea rasmi na kuiita Penicillium marneffei, kwa heshima ya Hubert Marneffe, mkurugenzi wa Taasisi za Pasteur za Indochina. Heshima ya ajabu, kumpa mkubwa wa kazi jina la kuvu iliyoua panya wa watu, lakini wanasayansi wana desturi zao.

Segretain ndiye pia aliyekuwa binadamu wa kwanza kuugua kwa kuvu hiyo na habari zake kuandikwa. Alikuwa akiwachoma sindano wanyama wadogo wa maabara, jamii ya panya, na sindano ikiwa imejaa chembe hai ikamchoma kidole. Siku 9 baadaye kikatokea kinundu pale pale. Tezi za kwapani zikavimba. Alitibiwa kwa nistatini ya kunywa, dawa iliyokuwa mpya wakati huo, iliyogunduliwa na wanawake wawili wa jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, kutoka kwenye udongo wa shamba moja la Virginia. Akapona.

Hapa naomba nisimame kidogo. Nistatini ikinywewa haipenyi ukuta wa utumbo, hubaki tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Ndiyo maana leo hupewa watoto wachanga wenye utando mweupe mdomoni, maana pale inagusana na kuvu moja kwa moja. Kidole na kwapa la Segretain yaelekea havikuonja tone la maana. Kwa maoni yangu, kilichomponya kilikuwa ndani yake tayari, na nistatini ilipewa sifa isiyokuwa yake. Alikuwa mtu mzima mwenye kinga kamili, na kinga ilimaliza kazi.

Baada ya hapo, kimya. Miaka 14 ikapita tangu kuvu ipewe jina, bila mtu yeyote kuandika kwamba ameikuta kwa mgonjwa wa kawaida. Ikabaki kuwa jambo la panya na ajali ya sindano. Mwaka 1973 ndipo madaktari wa Marekani wakaandika habari za mhubiri mmoja wa umri wa miaka 61 aliyekuwa amekaa Asia ya Kusini-Mashariki. Alikuwa na ugonjwa wa Hodgkin, saratani ya tezi inayodhoofisha kinga ya mwili. Wengu wake ulipotolewa, ndani yake wakaikuta kuvu ya Dalat. Mwaka 1984 Thailand nayo ikaripoti wagonjwa 5, na mwaka uliofuata zikaja habari za wagonjwa wa Guangxi, kusini mwa China. Idadi bado ilikuwa ya kuhesabika kwa vidole.

Ili kuelewa kilichokuja baadaye, lazima tujue kinga inafanyaje kazi yake. Mtu huvuta mbegu za kuvu hii kwa pumzi, nazo ni nyepesi kuliko vumbi. Zikifika ndani ya mapafu, humezwa na chembe walinzi wanaozunguka humo. Lakini kumeza si kuua. Mlinzi husubiri amri, na amri hiyo hutoka kwa chembe nyingine za damu, zile ambazo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya VVU anazijua kwa jina: CD4. Mtu mwenye afya huwa na 500 au zaidi katika kila tone dogo la kipimo. Zikiwepo, amri hufika na mbegu husagwa. Zikiisha, mlinzi hubaki na mwizi tumboni, mwizi akiwa hai, akibadili umbo, akizaana. Kisha mlinzi yule yule huzunguka na damu mwili mzima, amembeba adui yake hadi kwenye ini, wengu, uboho wa mifupa, na ngozi.

Kwenye ngozi ndipo kuvu hujionyesha. Hutokea vipele usoni, masikioni, shingoni, mikononi na kifuani. Kipele huanza kama punje, kisha katikati yake nyama hufa na kudidimia, pakabaki shimo dogo lenye kigaga cheusi. Ndicho kitovu. Si cha kuvu hii peke yake: kuna virusi vinavyowapa watoto vipele vya kitovu visivyo na madhara makubwa, na kuna kuvu nyingine, ile ya uti wa mgongo inayoitwa kriptokokasi na ile ya histoplasma, ambazo nazo zikisambaa mwilini hutoa vipele vinavyofanana mno na hivyo. Kwa macho tu, hata bingwa hukosea.

Hapa lugha yetu nayo inatutega. Tunaposema fangasi, mtu hufikiria choa, mapunye kichwani mwa mtoto, mba, au ule muwasho wa katikati ya vidole vya miguu kwa anayevaa viatu vya mpira kutwa. Hizo zote hukaa juu juu, kwenye tabaka la ngozi lililokwisha kufa, na kwa nyingi kati yake dawa ya kupaka hutosha. Fangasi ninazozisimulia hapa hazikuingilia kwenye ngozi. Ziliingia mapafuni, zikazunguka na damu, na ngozi ni mlango wa kutokea. Anayezipaka mafuta anapaka mlango wakati nyumba inaungua.

UKIMWI ndio uliolipa jambo hili ukubwa wake. Afrika Mashariki ilianza kuzisoma ngozi za watu mapema. Tanzania ilipata wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, watu wakauita ugonjwa huo Juliana kwa jina la nguo iliyokuwa ikivaliwa wakati ule, na muda si muda kila mtu mtaani akajua kwamba kijana akishikwa na mkanda wa jeshi, kuna maneno yatanong'onwa. Kaskazini mwa Thailand walijifunza alama yao. Mwaka 1988 ilichapishwa taarifa ya mgonjwa wa UKIMWI aliyekutwa na kuvu ya Dalat, na mara maambukizi ya VVU yaliposhika kasi katika majimbo ya kaskazini ya Thailand, wagonjwa wakaanza kumiminika katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Chiang Mai. Walikuwa na homa ya wiki kadhaa, wamekonda, damu imepungua, na nyuso zao zina vipele vyenye kitovu cheusi.

Khuanchai Supparatpinyo, Thira Sirisanthana na wenzao waliwahesabu kwa uvumilivu. Mwaka 1994 wakachapisha habari za wagonjwa 92 ambao kuvu ilikuwa imesambaa miilini mwao. Kati yao, 86 walikuwa na VVU. Homa ilikuwa kwa karibu wote, upungufu wa damu na kukonda kwa zaidi ya robo tatu, na vipele kwa asilimia 71. Katika mkoa ule, kuvu ambayo miaka 20 nyuma ilikuwa kioja cha vitabuni ikawa ugonjwa nyemelezi wa tatu kwa wingi, baada ya kifua kikuu na kriptokokasi.

Kinachonivutia zaidi katika taarifa yao ni jinsi walivyoitambua. Kuotesha kuvu maabara huchukua siku nyingi, na mgonjwa wa aina hii hana siku nyingi. Kwa hiyo walikata kipande kidogo cha ngozi penye kipele, kwa ganzi kidogo, kipande kisichozidi punje ya choroko. Kabla ya kukipeleka popote, walikigusisha kwenye kioo, wakapaka rangi ile ile inayotumika kupima malaria na chembe za damu, wakatazama chini ya hadubini wakitafuta ule ukuta katikati ya chembe. Wengine waliwapima hivyo hivyo uboho au tezi. Kwa njia hiyo zaidi ya nusu ya wagonjwa walijulikana kabla kuvu haijaota, na dawa ikaanza siku hiyo hiyo badala ya wiki iliyofuata. Vifaa hivyo vyote hospitali ya wilaya inavyo. Kinachokosekana kwa kawaida ni mtu wa kuwaza kwamba vipele vile si vya kawaida.

Na panya? Kwa muda mrefu wote waliamini ndio chanzo. Watafiti wa Guangxi waliwakamata panya wa mianzi 19 wakawakuta 18 wana kuvu mwilini. Ushahidi ulionekana kukamilika: watu wa milimani huwinda panya hao na kuwala, basi wanaambukizwa humo. Lakini watu wa Chiang Mai walipowalinganisha wagonjwa wao na watu wengine wenye VVU wasio na kuvu hiyo, matokeo waliyochapisha mwaka 1997 hayakuwatia panya hatiani. Kula panya au kukutana nao hakukuleta tofauti. Kilicholeta tofauti kilikuwa udongo: kulima, kuchimba, kushinda shambani, hasa masika. Tayari walikuwa wameona kwamba wagonjwa huongezeka mvua zinaponyesha. Panya wa mianzi yawezekana ni mhanga mwenzetu tu, anayevuta pumzi ya udongo ule ule, isipokuwa yeye pua yake iko ndani yake usiku na mchana.

Turudi mwaka 1994, mwaka wa ile hesabu ya Chiang Mai: ilitoka taarifa nyingine fupi kutoka Paris ambayo sijaisahau tangu nilipoisoma. Daktari mmoja kutoka Afrika, aliyekuwa na VVU, alipata ugonjwa huu ukiwa umesambaa mwilini. Alikuwa amehudhuria kozi ya vijidudu vya nchi za joto katika Taasisi ya Pasteur, na katika kozi hiyo kuvu ya Dalat ilikuwa ikioteshwa kwa ajili ya mafunzo. Msomaji anaweza kuwaweka watu wawili hawa bega kwa bega. Segretain, mwenye kinga, alichomwa sindano iliyojaa kuvu akapata kinundu kidoleni. Huyu, kinga yake imekwisha, ilitosha kupita katika maabara ile. Kuvu ilikuwa ile ile, na taasisi ilikuwa ile ile.

Kuitibu kulihitaji dawa iitwayo amfoterisini B. Nayo ilitoka kwenye udongo, wa bonde la mto Orinoco huko Venezuela, katika miaka ya 1950. Inaua kuvu kweli kweli, ila hutundikwa kwa dripu, humtetemesha mgonjwa kwa baridi na homa, na hushambulia figo. Wauguzi waliowahi kuitumia kwa wagonjwa wa uti wa mgongo wanajua kwa nini mgonjwa akiona chupa ile inakuja hugeuza uso. Mwaka 1998 Sirisanthana na wenzake walionyesha kwamba wiki 2 za dripu zikifuatwa na wiki 10 za vidonge vya itrakonazoli ziliwaponya wagonjwa 72 kati ya 74.

Kupona huko kulikuwa na masharti. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka huo huo, waliokwisha kupona waligawanywa mafungu mawili: 36 waliendelea kumeza itrakonazoli kila siku, 35 walipewa vidonge visivyo na dawa. Ndani ya mwaka mmoja, ugonjwa ukawarudia 20 kati ya wale 35. Katika fungu la kwanza haukumrudia hata mmoja. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijafika kwa watu wa kawaida, na bila CD4 kurudi, kuvu iliyofyekwa ilikuwa kama kwekwe baada ya palizi. Dawa za kufubaza zilipoenea ndipo watu wakaweza kuacha vidonge hivyo.

Mwaka 2011 wataalamu wa kuvu waliipanga upya, wakaitoa katika ukoo wa Penicillium na kuiita Talaromyces marneffei. Marneffe alibakiziwa sehemu yake. Kwa wagonjwa mabadiliko hayo hayakuwa na maana yoyote, na sitayatumia maneno zaidi ya haya.

Nchini Vietnam kwenyewe, ambako kila kitu kilianzia, swali lilikuwa la fedha. Amfoterisini ni ghali, hospitali nyingi hazikuwa nayo, na madaktari wengi walikuwa wakitoa itrakonazoli tangu siku ya kwanza kwa imani kwamba inatosha. Daktari Thuy Le na wenzake wakaamua kuipima imani hiyo. Waliwaandikisha wagonjwa 440 wenye VVU katika hospitali 5 za nchi hiyo, nusu kwa dripu, nusu kwa vidonge. Baada ya wiki 2 vifo vilikuwa karibu sawa: asilimia 6.5 kwa waliopewa dripu na 7.4 kwa waliopewa vidonge. Mtu angeishia hapo angetangaza kwamba vidonge vinatosha. Wao waliendelea kuhesabu hadi wiki ya 24. Waliopewa dripu walikuwa wamekufa asilimia 11.3, na waliopewa vidonge asilimia 21. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na dripu ile inayochukiwa ikabaki mahali pake.

Msomaji wa Mombasa au Mwanza anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini, naye hajawahi kuuona mwanzi wa Dalat. Swali la haki.

Mwaka 1998 wataalamu walieleza kuvu mpya iliyotoka kwenye vipele vya ngozi ya mwanamke wa Italia mwenye UKIMWI. Nayo ilikuwa ya sura mbili, uzi kwenye ubaridi na hamira kwenye joto, lakini ya ukoo mwingine kabisa. Waliiita Emmonsia pasteuriana. Ikasahaulika, kama ya Dalat ilivyosahaulika.

Baadaye hospitali za Cape Town zikaanza kupokea watu wenye VVU, kinga imeporomoka kabisa, ngozi zimejaa vipele, vidonda na magamba usoni, mikononi na kifuani. Wengi picha zao za kifua hazikuwa safi. Afrika Kusini, mtu mwenye VVU, amekonda, ana homa, kifua kina doa: kila daktari aliyefundwa vizuri atasema kifua kikuu, na mara nyingi atakuwa amesema kweli. Waliwaanzishia dawa za TB. Baadhi hawakupata nafuu. Vipande vya ngozi vilipopelekwa maabara, vikaota kuvu ambayo vitabu havikuwa nayo.

Mwaka 2013 Chris Kenyon, Nelesh Govender na wenzao wakaueleza ulimwengu habari za wagonjwa 13. Kipimo cha CD4 cha aliyekuwa katikati yao kilikuwa 16. Linganisha na 500. Watatu walikufa muda mfupi baada ya kufika hospitalini, waliobaki walipata nafuu. Miaka 2 baadaye Ilan Schwartz na wenzake waliwakusanya wagonjwa zaidi ya 50. Wenye vipele walikuwa asilimia 96, na karibu nusu ya wagonjwa wote walikufa. Kuvu ilipangwa katika ukoo mpya mwaka 2017, ikapewa jina la Emergomyces africanus. Halafu wakaenda kuitafuta kwenye udongo wa jimbo la Western Cape: katika sampuli 60, vinasaba vyake vilionekana katika 18, tena kutoka mazingira ya kila namna. Haikuhitaji mianzi wala panya.

Kusema kwamba ugonjwa huu "uliibuka" ni kuutukuza kidogo. Udongo wa Cape Town haukubadilika ghafla. Kilichobadilika kwanza ni kinga za watu, na cha pili, ambacho hakisemwi sana, ni kwamba Afrika Kusini ina maabara za umma zinazopokea kipande cha ngozi, zinakiotesha, na zina watu wa kuuliza kimeota nini. Kusini kwa Sahara maabara za namna hiyo ni chache. Yaelekea wagonjwa wengi huku wenye vipele vya kitovu wameandikiwa dawa ya kupaka, wamehesabiwa kuwa mzio wa dawa, au wamezikwa na cheti kinachosema kifua kikuu. Silaumu kliniki yoyote, kwani muuguzi mwenye foleni ya watu 80 asubuhi hawezi kutafuta kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfundisha jina lake.

Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa, kwa mara ya kwanza katika historia yake, orodha ya kuvu zinazohitaji kupewa kipaumbele. Zilikuwa 19, katika makundi matatu. Kriptokokasi iko kundi la juu kabisa, histoplasma la pili. Kuvu ya Dalat, ambayo zamani ilijulikana kwa habari za panya tu, iko kundi la tatu. Ya Cape Town haimo.

Na mwaka 2019, katika jarida moja la magonjwa ya kuambukiza, kulikuwa na taarifa fupi kutoka Uganda. Mgonjwa mwenye VVU alikuwa na vipele, na kipande cha ngozi yake kilikuwa kimekatwa, kikatiwa dawa ya kuhifadhia na kugandishwa ndani ya nta, kama hospitali zinavyofanya kila siku. Kwenye nta kuvu haioti tena, kwa hiyo watafiti walisoma vinasaba vilivyobaki humo. Vilikuwa vya Emergomyces pasteurianus, ile ya mwanamke wa Italia iliyokwisha kubadilishiwa jina, au vya ndugu yake wa karibu.